Nilisema Piga

Mama Redio anasema nilijiponda kidole makusudi. Anasema alikuwa uani kwake anaanika nguo, na kati ya ua wake na karakana ya mjomba wangu kuna ukuta wa mabati tu, tena mabati yenye matundu, kwa hiyo alisikia kwa masikio yake mawili aliyopewa na Mungu. Anasema kwanza nilicheka. Kisha nikakilaza kidole cha pete juu ya mbao, nikakinyoosha vizuri, nikamwambia mjomba, "Piga!" Na mjomba akapiga. Anasema sikulia. Akifika hapo hushusha sauti na kutazama huku na huku, utadhani ni siri, na mtaa mzima umeshaisikia. "Mtu asiyelia ana lake jambo," anasema. "Msichana amekivunja kidole ili asivishwe pete. Mimi sisemi zaidi." Kisha anasema zaidi.

Niliisikia hadithi hiyo bombani, nimesimama nyuma yake na ndoo yangu, kidole kimefungwa bendeji hadi kikawa kama yai la bata. Wenzake wakaanza kukohoa. Akageuka, akaniona, wala hakuona haya.

"Afadhali umekuja mwenyewe," akasema. "Hebu waambie hawa, sivyo ilivyokuwa?"

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Sivyo ilivyokuwa?"

Nikajaza ndoo nikaondoka nayo kwa mkono mmoja. Maji yalinimwagikia miguuni njia nzima, na kila yalipomwagika nilizidi kukasirika, kwa sababu ndani ya takataka zote zile za Mama Redio mlikuwa na neno moja la kweli. Nilisema piga.

Ngoja nieleze tunavyofanya kazi. Mjomba anatengeneza makochi. Yeye anashughulika na mbao na sponji, mimi na vitambaa: nakata, nashona, kisha tunavalisha pamoja. Mafundi wengine siku hizi wanatumia bastola ya pini, tatata, kochi limeisha. Mjomba haitaki. Anasema pini ni ahadi ya mlevi, asubuhi huioni. Yeye anatumia nyundo na misumari mifupi yenye vichwa vipana. Kwenye mgongo wa kochi, mimi nasimama mbele, nakipitisha kitambaa juu ya ubao, nakivuta kwa vidole hadi kinyooke kama ngozi ya ngoma. Mjomba yuko nyuma na nyundo. Vidole vyangu yeye havioni, vimefunikwa na ule mkunjo wa kitambaa. Kwa hiyo karakana yetu ina sheria moja: nyundo haishuki mpaka anayevuta aseme "piga". Ukisema piga, maana yake umeshatoa vidole. Nimekuwa nikilisema neno hilo tangu nilipomaliza darasa la saba, na hakuna siku mjomba aliwahi kunigusa hata ukucha.

Siku ile tulikuwa tunavalisha kochi langu mwenyewe. Mahameli nyekundu iliyoiva, niliyoichagua mjomba akisema, "Chagua, mwanangu, hili ni lako, la kuingilia nyumbani kwako." Kila aliyepita alisimama kulisifia. Mjomba alikuwa na furaha, na akiwa na furaha anaongea huku anapiga. Jumapili wageni wanakuja. Mama yake Kinyozi ameshanunua pete. Kinyozi ni kijana mtulivu, havuti sigara, kiti chake cha kunyolea hakikosi mtu. Baada ya pete hakuna tena maneno mengi, ni kupanga siku tu. "Piga," nasema, tah, tah. Mimi ni mtu wa kushukuru Mungu. "Piga." Tah. Marehemu mama yako angeona siku hii. "Piga."

Kidole cha pete ndicho kizito kuliko vyote, ndicho huchelewa kutoka. Nilikihisi bado kipo chini ya kitambaa. Nilijua kipo. Na mdomo wangu ukasema piga, kwa sababu mdomo wangu umezoea kusema kile ambacho mtu aliye upande wa pili anakingojea.

Ni kweli sikulia. Nilikaa chini sakafuni kwenye vumbi la mbao, nikautazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine. Mjomba alilia yeye. "Mwanangu, si ulisema? Si ulisema piga?"

"Nilisema, mjomba."

Sasa watu wanataka kujua kama nilifanya makusudi. Ingekuwa makusudi ningetembea kifua mbele. Mtu aliyejiponda makusudi angalau aliamua. Mimi sikuamua kitu. Hata siku walipoleta ile posa sikuamua. Tulikuwa mezani. Mjomba akasema, kijana wa watu anakutaka, wasemaje? Nikatazama sahani. Mkewe, ambaye namwita Mama kwa kuwa ndiye aliyenilea, akasema, sema mwanangu, usiogope. Nikasema, "Mnavyoona ninyi." Basi. Mjomba akapiga makofi, Mama akaniletea soda. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo, na nikiwa huko jikoni moyo wangu ulisema sitaki, tena ulisema vizuri kabisa, kwa sauti, lakini mle jikoni kulikuwa na masufuria tu.

Sina mwanamume mwingine. Kinyozi hajanikosea. Akija kututembelea anakaa pembeni, anatazama barabarani, akiulizwa kitu anajibu, "Hakuna neno." Ananiita dada. Mchumba wake, ananiita dada, kama anavyomwita kila mwanamke anayemleta mtoto kunyolewa. Sitaki tu. Na nimegundua kwamba "sitaki tu" ndilo neno ambalo watu hawalipokei. Wanaligeuza geuza kutafuta kilichofichwa chini yake, kama vile lenyewe halitoshi kuwa kitu.

Siku niliporudi zahanati kubadilishwa bendeji, Mama alinisindikiza. Muuguzi alisema ukucha utatoka, mfupa umepata ufa, subira. Tulipokuwa tunarudi, Mama akanishika kiwiko.

"Mwanangu, Mungu ana njia zake."

"Njia gani, Mama?"

"Hiki kidole. Tutawaambia wageni bado hujapona. Tusogeze mbele, mwezi, miezi. Jambo likikaa sana linapoa lenyewe, kama chai."

Nikasimama katikati ya njia. Mwenye toroli akanipigia kelele nipishe.

"Kwa nini lipoe, Mama?"

Hakunitazama. "Kwani mimi ni kipofu? Usiku ule wa posa niliingia jikoni nikakukuta unaosha sahani iliyokwisha kuoshwa. Ukaisuuza, ukaipaka sabuni tena. Nikajua huyu hataki."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaniletea soda."

"Sasa ningefanyaje, na wewe umesema mnavyoona? Nikurukie mdomoni? Mjomba wako alikuwa amefurahi. Miaka yote ile alikuwa hajafurahi hivyo. Nia yangu ilikuwa kukuuliza tukiwa wawili. Kila siku nasema leo nitamuuliza."

Nilimpenda mwanamke huyu kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana nilitangulia mbele tu, na kila hatua kidole kilipiga kama saa ya ukutani. Alijua! Yaani tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, tunajua jambo moja, tunapishana na mabeseni mlangoni, samahani mwanangu, samahani Mama, na kila mmoja anamngojea mwenzake.

Kinyozi alikuja Jumamosi mchana na mfuko wa machungwa. Mjomba alikuwa ametoka kutafuta gundi. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia la sponji najaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono mmoja, na huko nje nguo za Mama Redio zilikuwa zinadondosha maji upande wa pili wa mabati, kwa hiyo nilijua hayuko mbali.

"Pole, dada," akasema Kinyozi.

"Dada yako yuko wapi?"

Akacheka kidogo, akaacha. Akaweka machungwa sakafuni. Alikuwa na nywele za mtu mwingine kwenye mabega. Akatazama bendeji, kisha kochi, mgongo wake umepigiliwa nusu tu, nusu nyingine mahameli imening'inia. Kisha akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya: akanitazama usoni.

"Wanasema ulifanya makusudi."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi naona…" Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Mimi naona ni vizuri. Useme hivyohivyo. Kesho, wakikuuliza. Useme, ndiyo, nilifanya makusudi. Mama yangu ataondoka hapo hapo, anaogopa sana mambo ya watu wa ajabu ajabu. Yataisha."

Sindano ilinitoka mkononi. "Kwani wewe unataka yaishe?"

"Mimi sikutaka yaanze," akasema. "Usinielewe vibaya, wewe ni mtu mzuri. Lakini mimi moyo wangu haupo. Haupo kwako, haupo kwa mtu. Nataka kwenda zangu, nifungue saluni mahali wasiponijua. Mama akasema, huyu binti anafaa, ni mpole, haongei. Nikasema hakuna neno. Nilidhani wewe utakataa."

"Ulidhani mimi nitakataa."

"Wasichana si hukataa? Nikasema moyoni, atakataa huyu, nami nitakuwa nimemtii mama, na hakuna aliyeumia."

Jamani. Kumbe tulikuwa tunavuta kitambaa kimoja! Yeye huko, mimi huku, kila mmoja anamngojea mwenzake atoe kidole.

"Kwa hiyo nikubali mimi ni mwendawazimu," nikasema, "ili wewe ubaki mtoto mtiifu."

"Usiseme hivyo. Wewe una sababu, unayo mkononi, kila mtu anaiona. Mimi nyumbani nitaonyesha nini? Sina kidole cha kuonyesha."

"Nyundo ile pale. Weka nikusaidie."

Akacheka tena, akidhani ni mzaha. Aliponiona sicheki akarudi nyuma hatua moja.

"Nia yangu haikuwa mbaya," akasema. "Sikutaka kumuumiza mtu. Si wanasema nia njema ni tabibu?"

"Basi iite hiyo nia yako ije inifunge bendeji. Iko wapi? Nionyeshe niishike. Umekuja hapa mara ngapi, umekunywa chai ya Mama, umekaa, umetazama barabara. Hiyo nia ulikuwa umeiacha wapi, kwenye droo pamoja na wembe?"

"Polepole, watasikia."

"Wasikie!"

Upande wa pili wa mabati kitu kilianguka, nadhani ni beseni. Kinyozi akaondoka haraka, akasahau hata kuaga. Yale machungwa nilimpa mbuzi wa jirani. Hata yeye aliyanusa akaniangalia.

Usiku sikulala vizuri, lakini kulipokucha nilikuwa na akili tulivu kuliko siku nyingi. Nilikuwa na milango miwili mbele yangu, na yote miwili imefunguliwa na watu wengine. Mmoja wa Mama: sema bado unaumwa. Mwingine wa Kinyozi, ambao kwa kweli ni wa Mama Redio: sema una wazimu. Ningepita mlango wowote, ningekuwa huru, na mdomo wangu ungekuwa palepale ulipokuwa, ukisema kitu kimoja na moyo kingine. Hata uhuru wangu ningeupata kwa kusema piga.

Wageni walikuja: mama yake Kinyozi, kaka yake mkubwa aliye msemaji wa familia, na Kinyozi mwenyewe kwenye shati lililopigwa pasi hadi likang'aa. Mjomba aliwakalisha kwenye kochi langu. Alilileta sebuleni vilevile kabla halijaisha, akalisukuma mgongo ukutani ili nusu isiyopigiliwa isionekane. "Kaeni, kaeni kwenye kiti cha binti yenu," akasema. Mama akaleta chai. Mama Redio naye akatokea mlangoni na bakuli tupu, eti anaomba chumvi kidogo. Alipewa chumvi. Akabaki nayo palepale.

Maneno ya mwanzo yalikuwa ya hali ya hewa na afya. Kisha mama yake Kinyozi akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, tumesikia habari za kidole. Na mengine tumeyasikia, ambayo sitaki kuyarudia." Akatupa jicho mlangoni. Mama Redio akaitazama chumvi yake.

"Ni ajali ya kazi tu, dada yangu," Mama akawahi. "Ila kidole chenyewe ndicho hicho cha pete, na muuguzi amesema kisiguswe. Kwa hiyo tulikuwa tunafikiri, tusogeze mbele kidogo…"

Nilimwona Kinyozi anavuta pumzi na kuiachia.

"Kisiguswe," akasema mama yake. Akafikiri. Kisha uso wake ukafunguka. "Aa, hilo ni jambo dogo! Ana mkono mwingine. Pete ni alama tu. Tumvishe mkono wa kulia, huu ukipona ataihamisha mwenyewe."

"Hapo mama umesema!" akasema kaka mkubwa.

Mjomba akacheka kwa furaha, cheko la mtu aliyepona. Tangu siku ile ya nyundo alikuwa hajacheka. "Mnaona? Mimi nilisema Mungu hashindwi na kidole." Mama naye akacheka, macho yake yakiniomba msamaha. Kinyozi alitabasamu. Naapa, alitabasamu, yule mtu, akatazama barabara kupitia dirishani. Pete ikatolewa kwenye kisanduku chake. Mjomba akanishika mkono wa kulia, kwa upole, kwa namna ileile anavyoshika kitambaa akinikabidhi nikivute, akaunyoosha kuelekea kwa mama yake Kinyozi.

Nikakunja ngumi.

"Legeza, mwanangu," akasema Mjomba.

"Sitaki."

"Hutaki kuumia? Hauumi huu, huu ni mzima."

"Sitaki kuolewa naye, mjomba. Kidole kitapona. Kidole hakihusiani. Sikukiponda makusudi, na huyo mwenye chumvi asikie vizuri, asije akasema hakusikia. Sitaki. Sikutaka tangu siku ile mliponiuliza. Nilisema mnavyoona ninyi, na sasa nawaambia ninavyoona mimi."

Mjomba aliachia mkono wangu kama umemchoma. Sebule ikalipuka. Kaka mkubwa akasimama, akakaa, akasimama tena. Nani amekuharibu? Ni mwanamume gani? Umekula nini leo? Mjomba alikuwa anasema, "Lakini si ulikubali? Kwa nini hukusema?" akirudia, akirudia, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku ya nyundo, si ulisema, si ulisema. Hiyo iliniuma kuliko yote, na bado sikurudisha neno langu. Mama alikuwa amekaa, mikono magotini. Kisha akasema, akitazama sakafu, "Mwacheni. Hakutaka. Nilijua." Mjomba akamgeukia mkewe, mdomo wazi.

Mama yake Kinyozi ndiye aliyesimama mwisho. Pete bado ilikuwa kati ya vidole vyake viwili, na nilimwonea huruma, kwa sababu yeye, kama Mjomba, alikuwa hajui lolote.

"Umemwaibisha mwanangu," akaniambia. "Mwanangu aliyekupenda. Mtoto huyu hajawahi kunikatalia jambo, na wewe ndiye aliyekutia moyoni. Kila siku ananiambia, mama, hakuna neno, mama, huyohuyo. Angalia alivyoumia!"

Wote wakamwangalia Kinyozi. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa kweli alionekana ameumia. Ukimwangalia ungemhurumia: kijana mtulivu, ameachwa mbele ya watu, na shati lake la pasi. Mama Redio mlangoni alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, na niliiona hadithi yake mpya ikijishona yenyewe. Masikini kijana wa watu. Yule msichana jeuri.

Nilisogea hadi mbele yake. Alikuwa amekaa mwisho wa kochi, upande ambao hatujaupigilia, na mkono wake ulikuwa umepita nyuma na kuikuta ile mahameli inayoning'inia. Alikuwa anaisokota kidoleni.

"Haya," nikamwambia. "Mwambie mama yako uliloniambia jana karakanani."

Mama yake akageuka. "Alikuambia nini?"

Mjomba akasogea karibu. Kaka mkubwa akakaa. Hata bakuli la chumvi lilitulia.

Kinyozi aliivuta mahameli, akaivuta ikanyooka, akaishikilia hapo, kama mtu anayemngojea mwenzake wa upande wa pili aseme neno.

"Mimi langu nimelisema," nikamwambia. "Sema na wewe."